Mteja, mfadhili, benki au mwekezaji: fedha ipi uanze nayo kwenye kampuni changa ya teknolojia?

Januari 2022, Copia Global ya Nairobi, iliyokuwa ikifikisha bidhaa za madukani hadi vijijini kupitia mawakala, ilitangaza kupata Dola milioni 50. Mei 2024 ilikuwa mikononi mwa wasimamizi wa kampuni zilizoshindwa kulipa madeni, kutoka kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya KPMG, na ilikuwa imetoa notisi ya kupunguza wafanyakazi zaidi ya elfu moja. Fedha za kuendelea hazikupatikana.

Maelezo hayo utayasikia karibu kila kampuni inapofunga. CB Insights, kampuni ya utafiti ya Marekani, ilipopitia mwaka 2021 simulizi za waanzilishi walioshindwa, asilimia 38 walitaja kuishiwa fedha au kukosa mtaji mpya, na asilimia 35 wakasema soko halikuhitaji walichotengeneza. (Mtu aliruhusiwa kutaja sababu zaidi ya moja, kwa hiyo usijaribu kujumlisha ifike mia.) Tatizo ni kwamba "kuishiwa fedha" ni sawa na cheti cha kifo kilichoandikwa "moyo ulisimama". Ni kweli, ila hakisemi mgonjwa aliugua nini.

Ninavyoona mimi, ugonjwa mara nyingi huingia pamoja na fedha ya kwanza. Fedha ya mteja ina namna yake ya kuua kampuni, ruzuku ina yake, mkopo una wake, na mwekezaji ana yake. Anayeuliza "nipate wapi mtaji?" anauliza pia, bila kujua, "nataka kujilinda na ugonjwa upi?" Makala hii ni ya huyo ambaye amekwama hapo.

Vigezo

Kila njia nitaipima kwa maswali matano yale yale. Bei: unailipia nini fedha hiyo, na unailipia lini. Mwenye sauti: nani anaweza kukufanya ubadilishe bidhaa, bei au mkoa. Inavyoua: ugonjwa unaokuja nayo. Mzigo: kampuni ikifa, nani anabaki akidaiwa. Na mwisho, inamfaa nani.

Tusiongee hewani. Tuchukue kampuni moja ya kubuni tuipitishe njia zote. Vijana watatu wa Dar es Salaam wana programu ya kutunza hesabu na stoku kwa maduka ya dawa muhimu. Wanatoza Sh 30,000 kwa mwezi. Matumizi yao ni Sh 6,000,000 kwa mwezi: mishahara ambayo wenyewe wanaona aibu kuitaja, seva zinazolipiwa kwa dola, bando, na nauli za wanaozunguka kufundisha wauzaji. Wana maduka 40, yaani wanaingiza Sh 1,200,000, na kila mwezi wana shimo la Sh 4,800,000. Ili lifungike wanahitaji maduka 200. Kulipata duka moja jipya kunawagharimu Sh 90,000, kwa hiyo duka likiacha kabla ya kulipa miezi mitatu, wamepata hasara kwa kulihudumia.

Hilo shimo la Sh 4,800,000 ndilo swali lote. Nani alizibe?

1. Fedha ya mteja na ya mfukoni

*Bei.* Hakuna riba wala hisa inayotoka. Unalipa kwa kasi na kwa usingizi. Vijana wetu hawana Sh 4,800,000 za kutoa mfukoni kila mwezi, kwa hiyo lazima wajibane: wawili warudi kwenye ajira, mmoja abaki na kazi muda wote, ofisi ihamie sebuleni, matumizi yashuke hadi Sh 2,000,000. Sasa wanahitaji maduka 67 tu badala ya 200. Maduka 27 zaidi ya waliyonayo ni kazi ambayo mtu mmoja mwenye bidii anaweza kuimaliza akizunguka Temeke na Ilala.

*Mwenye sauti.* Ni mteja, na mteja haandiki barua. Programu ikigoma jioni ya kufunga hesabu, mwezi ujao hatumi hela, basi. Ukweli huo unakufikia mapema kuliko kwenye njia nyingine yoyote kati ya hizi nne. Tahadhari ni moja: ukipata taasisi kubwa inayoleta nusu ya mapato yako, hiyo si mteja tena, ni mwajiri. Na taasisi kubwa mara nyingi hulipa baada ya miezi mitatu, wakati mshahara unasubiriwa mwisho wa huu.

*Inavyoua.* Polepole, bila kelele. Mwanzilishi anachukua kibarua cha kutengeneza tovuti ya mtu ili alipe kodi ya nyumba, kisha kingine, na baada ya mwaka ana ofisi ya vibarua yenye programu iliyosahauliwa pembeni. Au wale wawili walioajiriwa wanapandishwa vyeo huko, na kikao cha Jumamosi kinaanza kuahirishwa. Au anatokea mshindani mwenye fedha za watu anayetoa huduma ile ile bure mwaka mzima, na maduka 67 yanabaki 20. Vifo vya namna hii havitangazwi popote, ndiyo maana watu hudhani njia hii haiui.

Wapo waliofika mbali kwa njia hii. Mailchimp ya Atlanta, ya kutuma barua pepe za matangazo, ilianza mwaka 2001 kama kazi ya pembeni ndani ya ofisi ya kutengeneza tovuti, ikakua bila mwekezaji wa nje, na mwaka 2021 ikanunuliwa na Intuit kwa takriban Dola bilioni 12. Zoho ya India, iliyoanza mwaka 1996, imeendelea hivyo hivyo. Ila mifano hii isomwe kwa makini: Mailchimp ilikuwa na wateja wenye kadi za benki waliokwisha kuzoea kulipia programu. Mwenye duka wa Mbagala unaanza kwa kumshawishi kwamba programu ni kitu cha kulipiwa, ndipo umfundishe kuitumia.

*Mzigo.* Unabaki nao wewe na ndugu zako. Hapa ndipo watu hujidanganya kwamba hawadaiwi, kumbe fedha ya mjomba na ya kikoba imo humo, haijaandikwa kama ni mkopo, ni hisa au ni msaada. Iandikeni, hata kwenye karatasi ya daftari, wote wasaini. Kwa deni la benki kuna sheria ya ufilisi. Kwa kikao cha familia hakuna.

*Inamfaa* anayeuza kwa wafanyabiashara, anayeweza kutoza tangu mwezi wa kwanza, na ambaye bidhaa yake haihitaji leseni ghali au mizigo ya kununua kabla. Inamfaa pia asiyetaka kuuza kampuni kamwe.

2. Ruzuku na mashindano

*Bei.* Hutoi hisa, hurejeshi fedha. Unalipa kwa muda: maandiko ya maombi, bajeti yenye mistari isiyohamishika, ripoti, wageni wa kutembezwa. Mwanzilishi hodari wa kuandika maombi anaweza kukaa miaka mitatu akishinda mashindano, akipigwa picha na hundi kubwa ya karatasi, bila kuuza chochote.

*Mwenye sauti.* Mfadhili na malengo yake ya mwaka huo. Mwaka huu ni vijana na kilimo, mwakani ni tabianchi, mwaka unaofuata ni akili mnemba. Kampuni inayofuata ruzuku hubadilisha utambulisho wake kila msimu.

*Inavyoua.* Tuseme vijana wetu wamepata Sh milioni 60 kwa mwaka mmoja, kwa sharti la kuyahudumia maduka 300 ya mikoa miwili bila malipo. Shimo limezibwa, ripoti inang'aa. Mwezi wa kumi na tatu wanapeleka ankara ya Sh 30,000 kwa watu waliozoea kupata bure. Wangapi watalipa? Kwa mwaka mzima hawakuuliza swali hilo, kwa sababu fedha yenyewe iliwaruhusu wasiulize.

Kuna pia kifo cha ghafla. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na kufikia Julai mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Miradi mingi ya afya na kilimo katika nchi zetu ilikatiwa fedha katikati ya bajeti, na kosa la ufundi au la soko halikuhusika.

Lakini ruzuku isidharauliwe, maana M-Pesa yenyewe imepitia humo. Mfuko wa serikali ya Uingereza ulitoa karibu Pauni milioni moja, Vodafone nayo ikaweka kiasi kama hicho, na majaribio yakaanza Kenya mwaka 2005 pamoja na taasisi ya mikopo midogo ya Faulu. Lengo lilikuwa watu warejeshe mikopo kwa simu. Majaribio yakaonyesha kwamba watu walikuwa wakitumiana fedha wao kwa wao, na huduma iliyozinduliwa na Safaricom Machi 2007 ilijengwa juu ya hilo. Angalia ruzuku ilifanya kazi gani hapo: ililipia majaribio, si biashara. Mpokeaji aliweka na fedha yake mwenyewe, na nyuma yake kulikuwa na kampuni yenye uwezo wa kubeba hatua iliyofuata.

*Mzigo.* Mdogo kuliko wote, alimradi fedha imetumika kwenye mistari iliyokubaliwa. Ukiihamisha ya semina ukalipa mishahara, unaweza kutakiwa kuirudisha.

*Inamfaa* mwenye jambo ambalo mteja hawezi kulilipia mwanzoni: utafiti, vipimo vya kifaa cha hospitali, huduma kwa wakulima wadogo kabla ya mavuno. Na hata hapo, jiwekee sharti lako mwenyewe: andika kwenye maombi kwamba mtumiaji atachangia, japo Sh 5,000. Wafadhili wengi hukubali, na wewe unabaki na jibu la swali la mwezi wa kumi na tatu.

3. Mkopo

*Bei.* Inajulikana tangu siku ya kwanza, na hilo ni jambo zuri. Riba za mabenki Tanzania zimekuwa zikizungukia asilimia 15 hadi 16 kwa mwaka. Mkopo wa Sh milioni 50 wa miaka miwili kwa asilimia 16, riba ikihesabiwa kwenye salio, unadai marejesho ya kama Sh 2,450,000 kila mwezi. Kwa vijana wetu hayo ni maduka 82 ya kulipa benki tu, kabla ya kununua hata bando. Walikuwa wanahitaji 200, sasa wanahitaji 282, na marejesho yanaanza kabla maduka hayajapatikana. Hesabu hiyo haikubali.

*Mwenye sauti.* Kinyume na watu wanavyodhani, benki haikuingilii. Haijali programu yako ina rangi gani. Inajali tarehe ya marejesho na hati ya nyumba uliyoiweka dhamana, kwa sababu kwa benki zetu nyingi mistari ya kompyuta uliyoandika haihesabiki kuwa mali.

*Inavyoua.* Kwa tarehe. Mauzo ya kampuni changa hupanda na kushuka, marejesho hayashuki. Na mkopo ukiwa wa fedha za kigeni, unaweza kukua wenyewe: mwanzoni mwa 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 113 za Kenya, Januari 2024 ilifika kama 160. Aliyekopa Dola milioni moja huku akiuza kwa shilingi aliliona deni likipanda kutoka KSh milioni 113 hadi 160 bila kuongeza mkopo hata senti moja.

Mkopo hung'ara penye kitu kinachoshikika na wateja wanaolipa kidogo kidogo kwa mpangilio. M-Kopa, iliyoanza na sola za nyumbani nchini Kenya kisha ikaingia kwenye simu, ilitangaza mwaka 2023 zaidi ya Dola milioni 200 za mkopo zilizoongozwa na Standard Bank. Mantiki iko wazi: kifaa kinanunuliwa leo, malipo ya kila siku yanarudi kwa miezi, na asiyelipa kifaa chake huzimwa kwa mbali. Lakini usidhani aina ya biashara inatosha kukulinda. Mobisol ya Ujerumani, iliyouza sola kwa malipo ya kidogo kidogo Tanzania, Kenya na Rwanda, iliomba kufilisiwa mwaka 2019 ikaishia kuchukuliwa na Engie, kampuni ya nishati ya Ufaransa. Lipa Later ya Kenya, ya kuuzia watu bidhaa kwa mkopo, iliwekwa chini ya msimamizi Machi 2025.

*Mzigo.* Mzito kuliko wote kama ulisaini dhamana binafsi. Kampuni inakufa, deni linabaki hai, na linakufuata nyumbani. Yapo mazingira mapole zaidi: halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hii hupitia vikundi, na iliwahi kusimamishwa mwaka 2023 kabla ya kurejeshwa mwaka uliofuata, kwa hiyo usiitegemee kulipia mishahara ya mwezi fulani.

*Inamfaa* mwenye oda mkononi au mkataba uliosainiwa anayesubiri malipo, au anayenunua vifaa vinavyoanza kurudisha fedha mara moja. Haimfai anayetafuta bado kama kuna soko. Kukopa ili ujue kama watu wanaitaka bidhaa yako ni njia ghali sana ya kuuliza swali.

4. Mwekezaji

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndiyo njia inayosifiwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi.

*Bei.* Hisa, na bei hiyo huilipi leo, unailipa siku kampuni inapouzwa. Ukiwa na asilimia 100 ukatoa asilimia 20 ya kampuni katika kila awamu ya kuchukua fedha za wawekezaji, baada ya awamu tatu unabaki na 51.2, na hiyo ni kabla hujagawana na wenzako wawili. Ili upate kipimo: Y Combinator, shule maarufu ya kampuni changa Marekani, kwa miaka ya karibuni imekuwa ikitoa Dola 125,000 kwa asilimia 7, na fedha nyingine 375,000 ambazo hisa zake huja kuhesabiwa baadaye.

Asilimia si habari yote. Mikataba mingi humpa mwekezaji haki ya kurudishiwa fedha yake kwanza. Tuseme ametoa Dola milioni 5 kwa asilimia 25, na kampuni ikauzwa kwa milioni 6. Anachukua zake 5, inabaki 1 ya waanzilishi na wafanyakazi ambao kwenye karatasi wana asilimia 75. Magazeti yataandika kwamba kampuni imeuzwa kwa mamilioni, na mwanzilishi atapokea pongezi nyingi kuliko hela.

*Mwenye sauti.* Bodi, na nyuma ya bodi kuna kalenda. Mfuko wa uwekezaji kwa kawaida huishi miaka kumi, ndani yake ununue hisa, zikue, ziuzwe, wenye fedha walipwe. Mfuko unajua kwamba kampuni nyingi ilizowekeza zitakufa, unachotafuta ni chache zitakazorudisha mara kumi au hamsini. Kwa hiyo kampuni inayokua taratibu, yenye faida, inayolisha familia thelathini, kwa mfuko huo haijafaulu. Wala si ubaya wa mtu, ni hesabu ya biashara yao. Lakini ukishasaini, ni hesabu yako pia.

*Inavyoua.* Kwa kukufanya ukimbie kabla hujajua kama duka moja linaleta faida. Vijana wetu wanapata Dola 200,000, tuseme Sh milioni 500, kwa lengo la maduka 1,000 ndani ya miezi kumi na minane. Wanaajiri, wanafungua Mwanza na Mbeya, matumizi yanafika Sh milioni 30 kwa mwezi. Maduka ya karibu yamekwisha, kwa hiyo kulipata duka jipya hakugharimu tena Sh 90,000 bali mara mbili yake. Miezi inapita, wamefika maduka 600. Mapato ni Sh milioni 18, shimo ni Sh milioni 12. Wateja wameongezeka mara kumi na tano, na shimo limekuwa kubwa mara mbili na nusu ya lile walilotaka kuliziba. Lililobaki ni kupata awamu nyingine ya fedha. Wakiipata wanaitwa mashujaa, wakiikosa wanafunga ndani ya wiki chache.

Na kuikosa si lazima kuwe kosa lao. Benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022 kutoka karibu na sifuri, na Julai 2023 ilikuwa imezidi asilimia 5. Mwenye fedha ambaye angeweza kupata asilimia 5 akiwa amelala aliacha kuhangaika na kampuni changa za Nairobi na Lagos. Kune Food, iliyouza vyakula vilivyopikwa kwa kama Dola 3 sahani, ilipata Dola milioni moja mwaka 2021 na kufunga Juni 2022. Mwanzilishi wake alikiri kwamba kwa bei hiyo biashara haikuweza kubeba ukuaji wake. Zumi, ya biashara ya mtandaoni Kenya, ilifunga Machi 2023. Sendy, iliyopata Dola milioni 20 Januari 2020 kwa kazi ya usafirishaji, ilianza kupunguza watu 2022 na kufunga 2023. Copia ilikuwa imekwisha kujiondoa Uganda Aprili 2023, mwaka mmoja kabla ya wasimamizi kuingia. Jumia, duka la mtandaoni, haikufa, lakini wateja wake wa Tanzania wanakumbuka: iliorodheshwa soko la hisa la New York Aprili 2019, na Novemba mwaka ule ule ikafunga shughuli zake hapa. Kwa aliye New York, Tanzania ilikuwa mstari mmoja kwenye jedwali.

Upande wa pili nao una haki yake. Bila fedha ya wawekezaji baadhi ya mambo hayaanzi kabisa. NALA, iliyoasisiwa na Mtanzania Benjamin Fernandes, ilianza kama programu ya kurahisisha malipo ya simu ndani ya nchi, kisha ikageukia kazi ya kutuma fedha Afrika kutoka Uingereza na Marekani. Kazi hiyo inadai leseni za nchi nyingi na fedha ya kuzungusha, mambo ambayo maduka 67 hayawezi kulipia. Ilipata Dola milioni 10 Januari 2022 na milioni 40 mwaka 2024. Fedha ya aina hii, ikitumiwa vizuri, hununua muda wa kubadili wazo la kwanza likionekana halitoshi. Vijana wetu nao wakifika kweli maduka 1,000 watakuwa na mtandao ambao wauzaji wa jumla wa dawa wataulipia.

*Mzigo.* Kisheria, fedha ya mwekezaji wa hisa hufa pamoja na kampuni, naye hakufuati nyumbani. Wanaobaki wakidai ni wafanyakazi, wasambazaji na mamlaka ya kodi. Mwanzilishi anapoteza miaka, hapotezi nyumba. Ni afadhali kubwa kuliko mkopo, na watu hawaisemi vya kutosha.

*Inamfaa* mwenye soko kubwa linalovuka mipaka, ambako atakayewahi ndiye atakayebaki, na ambaye tayari anajua mteja mmoja anamletea kiasi gani na anamgharimu kiasi gani. Na awe tayari kuuza kampuni siku moja, maana hiyo ndiyo ahadi anayoitia saini.

Kuchanganya

Kampuni chache hubaki na aina moja. Mfuatano unaoonekana kuleta madhara madogo ni ruzuku kwa majaribio, mteja kwa uthibitisho, mwekezaji kwa upanuzi, mkopo kwa vifaa na oda. Wengi hupita kinyumenyume: mwekezaji kwanza, mkopo wa dharura fedha ikiisha, ruzuku ya kufutia machozi, na mteja mwisho kabisa.

Kwa hali yako

Kama huna mteja hata mmoja anayelipa, usikope na usiuze hisa. Tafuta watu kumi wa kulipa kiasi chochote, au ruzuku ndogo yenye sharti la kuwatoza watumiaji.

Kama wateja wanalipa na kubaki, lakini fedha zako zimekwama kwenye ankara za taasisi kubwa, tatizo lako ni la muda. Mkopo wa muda mfupi kwa dhamana ya mkataba utakugharimu kidogo kuliko hisa. Ukope kwa sarafu unayouzia.

Kama kila mteja mpya anakuongezea hasara, simamisha mauzo kwanza. Hakuna aina ya fedha kati ya hizi nne inayotibu hilo. Mwekezaji ataliharakisha, benki italifikisha mahakamani. Pandisha bei kwa wateja wapya na uone nani anabaki.

Kama una ajira na familia inakutegemea, njia ya mteja ukiwa bado kazini inakubalika kabisa. Wekeni na wenzako tarehe ambayo mmoja ataacha kazi, na kiwango cha mapato kitakachomruhusu.

Kama biashara yako inahitaji leseni za benki kuu, au nchi tatu kwa mpigo, fedha ya mfukoni itakuchelewesha hadi mwingine apite. Mwekezaji ndiye njia, na mwanasheria wa kusoma mkataba alipwe kabla ya mbunifu wa nembo.

Na kama umebakiwa na fedha za chini ya miezi sita, jua kwamba mazungumzo na mwekezaji huweza kula miezi yote hiyo. Punguza matumizi wiki hii hii, ndipo uende mezani. Tenga pembeni michango ya NSSF, kodi ya TRA na mishahara ya mwezi wa mwisho, katika akaunti ambayo hutaigusa hata mwekezaji akikuahidi kwamba Ijumaa anasaini.